Buti la mpira, la ngozi au la kitambaa: lipi la kununua kwa miguu ya Goma?

Usiku kwenye posti yetu hapa Himbi, mtaa wa Goma mashariki mwa Kongo, vijana hawachoki kubishania bunduki. Sisi ni sentineli, yaani walinzi, hatubebi silaha. Tuna tochi, filimbi na rungu. Lakini aliyekulia Goma amesikia milio ya kutosha, na kila mmoja ana lake la kusema. Juzi ilikuwa FAL ya Ubelgiji na Kalashnikov. Mmoja anasema FAL inafika mbali na risasi yake ina uzito. Mwenzake anajibu kwamba Kalashnikov hata ikilala kwenye matope inaamka ikifanya kazi. Wote wawili wako sawa. FAL tupu ina kilo 4.3 hivi, AKM, ambayo ni aina ya Kalashnikov, kama 3.1. Risasi moja ya FAL ni gramu 24 hivi, ya AKM ni 16. Mpe mtu risasi 100 za kila aina, tofauti inakaribia kilo nzima, na kilo hiyo inapanda naye kila kilima.

Mzee wetu wa posti, aliyekuwa askari enzi za Zaire, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Batoto, munasumbukia bunduki. Mwenye miguu imeoza hafikake pa kuipigia." Akavua buti lake la mpira palepale, akakunja soksi, akawamulikia tochi. Vidole vilikuwa vyeupe, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua nguo, na kati ya kidole cha nne na cha tano ilikuwa imepasuka hadi nyama nyekundu. Alikuwa na buti hilo tangu saa kumi na mbili jioni, na mvua haikunyesha usiku ule hata tone.

Kazi ya kutafuta mabuti ya timu yetu, watu 11, mwaka huu imeniangukia mimi, na pesa iliyopo ni ya pea moja kwa kila mtu. Nimezunguka Birere na soko la Virunga siku nne, nimeshika, nimekunja, nimenusa, na mama mmoja muuza maharagwe alinikubalia kutumia mizani yake. Kabla ya posti nilibeba mizigo ya wageni kwenye njia ya volkano ya Nyiragongo, kwa hiyo aina zote tatu nimezivaa na zote zimeniumiza kwa namna yake. Ninayoandika hapa ni kwa yeyote ambaye mguu ndio chombo chake cha kazi: sentineli, mbeba mizigo, mkulima, motari wa pikipiki, mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo.

Kwanza, ardhi yetu. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, ikarudia tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikarudia tena tarehe 22 Mei 2021. Jiwe hilo limejaa matundu, na kila tundu lina ukingo unaokata kama chupa iliyovunjika. Ukitoka mjini ukaelekea Masisi, unakuta udongo mwekundu unaoshika mguu na kuuvuta chini. Ukipanda mlima, njia inaanzia Kibati kwenye joto la kawaida na kuishia mita 3,470, ambako usiku baridi inakaribia ile ya kugandisha maji. Mji mmoja, na hapo ni ardhi tatu tofauti. Muuzaji anayekuambia buti lake linafaa kila mahali hajafika mahali pote hapo kwa miguu.

Jambo la pili ni uzito. Watafiti wa jeshi la Marekani walipima miaka ya 1980 wakakuta kwamba kilo moja iliyofungwa mguuni inakula nguvu kama kilo tano hivi zilizobebwa mgongoni. Kwenye mizani ya yule mama, pea ya mpira namba 42 ilikuwa kilo 1.9, ya ngozi 1.8, ya kitambaa 1.4. Kati ya mpira na kitambaa ni nusu kilo. Ihesabu kwa hatua za usiku mzima kuzunguka ukuta wa kampuni.

Sasa buti la mpira, lile tunaloita bote. Ndilo linalovaliwa na watu wengi kuliko yote upande huu, kuanzia mashambani Kibumba hadi kwa wapiganaji wa kila kundi lililopita kwenye vilima hivi, na sababu inaeleweka. Ni rahisi, halina kamba, unaingiza mguu gizani na kukimbia. Maji yakiwa chini ya magoti hayakugusi. Matope unayaosha kwa kopo moja. Pea moja ya ngozi nzuri, kwa bei za Birere nilizotajiwa wiki hii, inanunua pea nne za mpira na chenji ya soksi.

Ila kwenye jina hilo moja kuna vitu viwili, na wengi hawavitofautishi. Kuna mpira wa kweli na kuna plastiki, yaani PVC, ambayo ndiyo imejaa sokoni. Plastiki inang'aa na ina mstari wa kalibu unaoshuka mbele na nyuma, mahali vipande viwili vya chuma vilipokutana wakati wa kuimwaga. Mpira wa kweli umefifia kidogo, haung'ai sana, una tabaka zilizobandikwa na ndani umepakwa kitambaa. Kunja shingo ya buti mara mbili kwa nguvu: mpira unalainika na kurudi, plastiki inabaki na kovu jeupe. Asubuhi ya baridi kule juu plastiki inakakamaa hadi inachubua miundi. Na ikitoboka, gundi ya baiskeli na kiraka havishiki kwenye PVC hata ukipiga msasa namna gani; unahitaji kisu kilichopashwa moto ili kuiyeyusha ijiunge yenyewe. Mpira wa kweli fundi yeyote wa baiskeli anauziba kwa dakika kumi. Adui wa mpira ni jua. Ukiuanika juu ya bati kila siku utapasuka nyufa ndogondogo kwenye mkunjo wa vidole, na maji yatapita hapo.

Kosa kubwa la buti hili ni lile mzee alilotuonyesha kwa tochi. Maji ya nje hayaingii, lakini ya ndani hayatoki. Mguu unatoa jasho usiku kucha na jasho linakaa humo humo. Ngozi ya mguu ikilowa saa nyingi inakuwa laini, inapasuka, fangasi inapata mlango. Baridi ikiongezeka, damu inapungua kwenye vidole, mguu unakufa ganzi, na huo ndio ugonjwa uliowamaliza askari kwenye mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918. Haukuishia huko. Mwaka 1982, kwenye vita vya visiwa vya Falkland, Waingereza waliokuwa na silaha nzuri na mafunzo mazuri walichechemea kwa sababu buti lao la ngozi lilikuwa linaingiza maji na halikauki. Kwa hiyo mpira unakuzuilia maji na ngozi inakuingizia, na wavaaji wa yote mawili wanaishia hospitali moja. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza swali jingine nikiwa sokoni: siulizi tena kama maji yataingia, nauliza yakiingia yatatokea wapi na baada ya muda gani.

Buti la kitambaa lilitengenezwa na watu waliojiuliza hivyo hivyo. Waamerika walilivaa Vietnam miaka ya 1960: ngozi kwenye vidole na kisigino, pembeni kitambaa cha nailoni na pamba, na upande wa ndani, karibu na soli, vitundu viwili vidogo vyenye pete ya chuma. Hivyo vitundu si pambo. Ukivuka mto, kila hatua inakamua maji yanatoka hapo, na baada ya mwendo wa saa moja au mbili kwenye jua buti limekuwa jepesi tena. Soli yake ya Panama ina meno mapana yaliyolala kimshazari, na matope yanaruka yenyewe mguu unapokunjika. Nimelitembelea njia ya Sake baada ya mvua na wenzangu wenye soli za meno madogo walikuwa wanabeba kila mmoja tofali la udongo chini ya mguu.

Hayo ni mazuri yake. Tatizo ni jiwe letu. Kitambaa cha pembeni kinachanwa na lava kwa siku chache ukiwa unatembea kwenye viwanja ambavyo havijasawazishwa, na hakichanwi mahali pa kushona bali katikati, mahali ambapo fundi akiweka kiraka kinakugusa kifundo cha mguu. La mwisho nililokuwa nalo lilikwisha hivyo upande wa kushoto, soli ikiwa bado mpya. Na kule juu mlimani vile vitundu vinavyotoa maji vinaingiza upepo. Kwa mbeba mizigo anayelala kwenye ukingo wa volkano, hapana. Nakala zinazouzwa sokoni nyingi zina vitundu vya uongo pia: pete ya chuma ipo, lakini nyuma yake pamezibwa kwa kitambaa na povu. Chukua kijiti cha kiberiti ukipitishe. Kisipoingia, usinunue.

Kwenye ngozi nataka nikae kidogo, maana huko ndiko pesa inakopotea.

Ngozi nzuri ndiyo pekee inayostahimili lava. Jiwe linaikwaruza, linaacha alama nyeupe, unapaka siraji, yaani rangi ya viatu, kesho unaendelea. Inashika kifundo cha mguu ukiwa na mzigo. Lakini neno "ngozi" kwa muuzaji linabeba vitu vingi. Ngozi ya ng'ombe ikipasuliwa tabaka, ya juu ndiyo yenye nyuzi zilizobanana. Ya chini ni legevu, na viwandani huipaka plastiki ili ing'ae kama ya juu. Usiangalie uso wa kiatu. Vuta ulimi wa buti, tafuta mahali ngozi ilipokatwa, angalia ukingo. Ukiona nyuzi zimeshikana hadi juu, sawa. Ukiona utando mwembamba kama rangi ya ukuta na chini yake manyoya, hiyo itaanza kubanduka kabla ya mvua kuisha. Kidole nacho kinasema kweli: ukibonyeza ngozi ya juu inatoa mikunjo midogo mingi, iliyopakwa plastiki inabonyea kama mpira wa kuchezea.

Kisha soli. Ile ya meno makubwa yenye umbo la msalaba inatokana na Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia, aliyeitoa mwaka 1937 baada ya wenzake sita kufia mlimani mwaka 1935 wakiwa na viatu visivyofaa; jina la Vibram limetoka kwenye jina lake. Meno hayo yanashika jiwe vizuri sana, ila kwenye udongo wa Masisi yanajaa. Angalia pia soli imeunganishwaje. Ikiwa imeshonwa kwenye mkanda unaozunguka buti, fundi wa Birere anaweza kuing'oa na kushona nyingine, hata ya tairi. Ikiwa imegundishwa tu, inabandikwa tena mara moja au mbili. Ikiwa imemwagiwa kiwandani ikiwa moto juu ya ngozi, siku soli ikiisha, buti zima limeisha.

Na kuna soli moja ambayo naomba kila mtu aijue. Miaka ile ya mizigo nilinunua buti la mitumba la jeshi la nchi moja ya Ulaya. Ngozi nene, kushona safi, soli haina mkwaruzo hata mmoja. Nilijiona nimeokota dhahabu, na nililipa karibu malipo yote ya safari mbili. Nilipanda nalo kutoka Kibati nikiwa na mzigo wa mgeni na maji. Tulipofika kwenye mawe ya juu, mahali ambapo miti inaisha, nikahisi mguu wa kulia unakanyaga laini. Nikadhani ni majivu. Nikageuza mguu: kisigino kilikuwa kinadondoka vipande vipande kama andazi la juzi, na ndani yake unga wa rangi ya kijivu. Nusu saa baadaye wa kushoto ukafuata. Nilifunga soli kwa kamba ya turubai nikafika, lakini kushuka kesho yake nilishuka kwa nyayo zilizovimba, na jiwe moja lilinikata chini ya kidole gumba. Kovu ninalo.

Muuzaji alisema nimeliharibu mwenyewe. Nilimpelekea fundi viatu, mzee wa makamo anayekaa karibu na stendi ya pikipiki, naye akalipasua kwa kisu mbele yangu. Nje kulikuwa na ngozi nyembamba ya mpira mgumu; katikati, mahali pa kupunguza mshtuko, palikuwa na povu la poliyurethani, na lilikuwa linasagika kati ya vidole vyake. Povu hilo huliwa polepole na unyevu wa hewa, hata buti likiwa sandukuni bila kuvaliwa. Baada ya miaka kadhaa ya kukaa ghalani limekwisha, na mtu wa nje haoni kitu. Ndiyo maana buti la mitumba ambalo halijavaliwa kabisa linaweza kuwa baya kuliko lililotumika. Sikununua tena bila kubonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Likibaki shimo, likitoa unga, au likionyesha nyufa ukilikunja, rudisha. Soli ya mpira mtupu haina ugonjwa huu.

Ukiwa na ngozi, ikilowa usiiweke karibu na mbabula, jiko la makaa. Makaa yanakausha ngozi juu juu, inakakamaa na kupasuka kwenye mkunjo, na gundi inaachia. Jaza magazeti ndani, badilisha kila saa chache, iache kivulini. Itachukua siku mbili, na hapo ndipo ngozi inapomshinda mtu mwenye pea moja tu: jioni ya pili anavaa buti lililolowa.

Kuhusu soksi nitasema machache, ingawa zimeokoa miguu mingi kuliko mabuti. Pamba inakunywa jasho na kulishikilia. Sufu inabaki na joto hata ikilowa. Askari wa Urusi hawakuwa na soksi kabisa kwa vizazi vingi. Walizungushia mguu kitambaa cha mstatili ndani ya buti refu, na mwaka 2013 ndipo jeshi lao lilipoamua kukiacha. Wazo lao ni zuri kwa mtu mwenye bote: upande uliolowa unauzungusha juu kwenye muundi, upande mkavu unashuka kwenye unyayo. Nilimkatia mzee kitambaa cha shuka kuukuu, amekivaa wiki tatu sasa, na ule mpasuko kati ya vidole umefunga.

Jambo jingine si la ubora wa kiatu ila lazima nilitaje. Hapa kwetu, kijana aliyevaa buti la jeshi jeusi lenye kamba ndefu huulizwa njiani maswali ambayo mwenye raba haulizwi, na nguo ya madoadoa ya jeshi raia haruhusiwi kuivaa kabisa. Kama una miaka ishirini na unatembea jioni, nunua la kahawia, fupi, lenye umbo la mlimani au la kiwandani. Ubora ni ule ule na utafika nyumbani.

Basi, nani avae nini? Kwa mkulima na mwenye kuishi kwenye matope, bote, na liwe la mpira wa kweli hata kama ni la kuongeza pesa kidogo, na kitambaa cha kubadilisha mfukoni. Mbeba mizigo na mtu wa mlimani anunue ngozi ya juu yenye soli ya mpira iliyoshonwa, asihangaike na lingine. Anayetembea safari ndefu za barabara ya udongo, akivuka vijito, ndiye hasa mwenye buti la kitambaa, atalipenda. Motari naye ngozi, kwa sababu ya ekzosi na kwa sababu akianguka kitambaa hakimlindi kitu. Mwenye chukudu anayesimamisha mzigo kwa kukanyaga kile kipande cha tairi nyuma anakula soli ya mguu mmoja haraka kuliko mwingine. Atafute soli ya kushonwa, inayobadilishwa.

Sentineli ndiye aliyenisumbua. Anasimama zaidi ya kutembea, anazunguka juu ya lava, mvua ikija inamkuta, na asubuhi hana jua la kukaushia kwa sababu amelala. Nilitaka kuwanunulia wote ngozi. Nikapiga hesabu upya: kwa pesa ya ngozi nzuri 11 sikuweza, kwa pesa ile ile ningepata ngozi mbaya 11, zile za utando. Nimeamua hivi: ngozi nzuri, fupi, pea saba kwa wale wa kuzunguka ukuta, na kila mmoja soksi mbili za sufu. Wanne wa geti, ambao wana paa juu ya kichwa na wanatoka tu kufungua, wamepata bote la mpira wa kweli, na amri ya kuvua na kubadilisha kitambaa saa sita usiku. Wawili wamelalamika. Nimewapa nafasi ya kubadilishana baada ya mwezi, waone wenyewe.

Nilipima kila mmoja jioni, mguu ukiwa umeshavimba, akiwa na soksi atakayovaa, nikisukuma mguu mbele hadi kidole changu kimoja kipite nyuma ya kisigino. Namba zilizoandikwa kwenye soli sikuziamini. 42 tatu tofauti zilitofautiana upana wa kidole. Zimebaki siku chache Septemba iingie na mvua yake. Pea ya mzee, namba 44, ndiyo iliyochelewa kupatikana. Niliipata jana Birere, soli nikaibonyeza kwa ukucha pande zote mbili, haikuacha alama.